Kutoka futi hadi muhuri: mwongozo kwa binti wa Tanga anayetaka usanifu majengo

Nikirudi Tanga kusalimia, sikosi kukalishwa barazani na shangazi mmoja aliyemshika binti mkono. "Huyu mwenzio kila daftari kalijaza nyumba. Hebu mwambie afanyeje." Binti anatazama chini, chai inapoa, nami nina robo saa ya kueleza mambo ambayo mwenyewe nilichukua miaka kuyajua. Robo saa haijawahi kutosha, ndiyo maana nimeyaandika.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, ramani na muhuri. Ramani anaweza kuichora yeyote mwenye mkono mwepesi na kompyuta. Muhuri ni wa mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ile tunayoiita AQRB, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2010. (Bodi inasema mbunifu majengo, wengine tunasema msanifu, saitini watakuita akitekti au injinia. Itikia yote.) Nimewaona wasichana wenye vipaji wakibaki miaka wakichorea watu ramani kwenye vibanda vya stesheneri. Mteja anatoa hela kidogo, kisha karatasi zinapelekwa kwa mtu mwingine apige muhuri, na malipo ya maana yanaishia huko pamoja na jina. Sitaki uishie hapo, mdogo wangu. Kila hatua hapa chini inaelekea kwenye muhuri.

Hatua ya kwanza: pima nyumba yenu

Usisubiri chuo. Tafuta futi la mita 5, penseli, ufutio na karatasi za grafu. Kama una fundi jirani, azima na futi refu la mita 30, ila lirudishe siku hiyohiyo, maana mafundi hawasahau.

Anza na nyumba mnayoishi. Kama ni ya Ngamiani, huenda unaijua hata macho yakiwa yamefumba: baraza mbele, mlango mkubwa, korido katikati, vyumba huku na huku, kisha uwani penye jiko, bafu na choo. Chora kwanza kwa mkono bila vipimo, kama unamwelekeza mgeni. Halafu pima kila ukuta, kila mlango, kila dirisha, na unene wa ukuta wenyewe, ambao utaupata mlangoni. Usiache kupima kila chumba kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Kuta zinazotazamana zikilingana na mishazari nayo ikilingana, chumba kimekaa sawa. Visipolingana, usikasirike wala usirekebishe kwenye karatasi ili kipendeze. Chora kilivyo. Vyumba vingi vya mitaani kwetu vimepinda kidogo, na kuvigundua ndiyo elimu yenyewe.

Kisha hamishia kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:50, yaani kila mita 1 ya nyumba ni sentimita 2 za karatasi. Nyumba ya mita 9 kwa 12 itakuwa sentimita 18 kwa 24, inaenea vizuri kwenye A4. Siku utakayoona nyumba ya kwenu nzima imelala mbele yako juu ya meza, utajua mwenyewe kama kazi hii umeipenda kweli au ulipenda picha tu.

Ukimaliza kuta, pima maisha. Bibi anakaa wapi saa nne asubuhi, na saa nane anahamia wapi? Moshi wa jiko unakwenda chumba gani wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na unakwenda wapi kusi likianza Aprili? Ndoo ya maji inabebwa hatua ngapi? Ukuta gani ukiushika saa kumi na mbili jioni bado una joto? Tanga iko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa kuliko nyingine. Hilo utalikuta kwenye vitabu baadaye, lakini heri ulijue kwanza kwa kiganja.

Nyumba ya bibi yangu niliipima nikiwa kidato cha tatu. Mlango wa bafu la uwani ulitoka sentimita 60. Niliandika 60 nikaendelea, namba kama namba nyingine. Miaka michache baadaye bibi alianguka akavunjika nyonga, akapewa fremu ya kutembelea, na fremu ile ilikuwa pana kuliko ule mlango. Kila kuoga ikawa kazi ya watu wawili: mmoja amshike, mwingine aipitishe fremu kiubavu. Nilirudi kwenye daftari langu nikaikuta ile 60 imekaa pale, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

Chuoni niliwakuta wavulana wanaochora jiko kama chumba cha kubandikia kabati. Hawajawahi kukuna nazi wakiwa wamekaa kwenye mbuzi, hawajui kwamba mpishi wa uwani anataka kivuli, upepo, pa kumwaga maji, na pa kumwonea mtoto. Wewe unayajua hayo bila kufundishwa. Usiyaache nyumbani ukiondoka, yatakupa maksi.

Hatua ya pili: hisabati, bila kuikwepa

Hapa sina maneno mengi. Kuchora vizuri hakuokoi F ya hisabati. Ukiwa kidato cha nne, unapojaza tahasusi, chagua yenye hisabati, na kama unaimudu fizikia iwemo pia. PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati) ndizo njia pana zaidi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu cha sifa za kujiunga. Soma ukurasa wa kozi yenyewe wa mwaka wako, usitegemee alivyoambiwa kaka yako alipoomba. Na matokeo yakitoka ukaona umepangiwa tahasusi isiyokufaa, huwa kuna kipindi kifupi cha kubadilisha kwenye mfumo wa TAMISEMI. Kinapita upesi, na ukilala umekikosa.

Kama kidato cha tano hakikutokea, njia haijafungwa. Kuna stashahada kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na ukiwa na stashahada nzuri unaweza kuomba digrii. Kuna pia VETA, vyuo vya ufundi stadi, ukajifunza uashi au useremala kwanza. Njia hii ni ndefu, lakini aliyeipita ana kitu ambacho sisi wa moja kwa moja tunakitafuta kwa tochi: ameshika tofali. Wapo wanaoiona ya walioshindwa. Mimi ningekuwa mwajiri ningewaanza hao.

Hatua ya tatu: tembea mji ukiwa na daftari

Tanga ni mji wa baiskeli na barabara zake za katikati zimenyooka, kwa hiyo hili halina nauli. Toa Jumamosi moja uende Boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi, nyingine uende stesheni ya reli, nyingine maktaba. Pita Bombo ulitazame lile jengo kuukuu la hospitali ya Wajerumani linaloangalia bahari. Limechakaa, lakini tazama baraza zake zilivyo na kina, zinavyouweka ukuta wa ndani kivulini karibu siku nzima. Chora baraza moja tu, ukipima kina chake kwa hatua. Kisha rudi uangalie nyumba mpya za Raskazone zenye vioo vikubwa na viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa, ujiulize nani alikuwa mwerevu zaidi. (Jibu langu unalijua. Lakini Wajerumani nao kwa viyoyozi hawakuwa na la kuchagua.)

Siku ukipata usafiri, fika magofu ya Tongoni, kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani. Pana msikiti na makaburi zaidi ya 40, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapahapa pwani. Ukuta uliokaa karne kadhaa mbele ya bahari bila nondo hata moja una la kumfundisha mtu anayemwaga zege kwa mchanga wa ufukweni, ambao chumvi yake inaila nondo mpaka zege linapasuka.

Michoro hii itunze kwenye jalada moja, yenye tarehe. Hiyo ndiyo potifolio yako ya kwanza. Kuna wanaodhani potifolio lazima iwe picha za kompyuta zinazong'aa. Mimi binti akinionyesha mchoro wa penseli wa baraza la Bombo wenye vipimo, namsikiliza kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya nne: chuo na hela zake

Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichokuwa Taasisi ya Ardhi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kikasimama chenyewe mwaka 2007. Mbeya nako, kwenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, wanafundisha. Kozi ni ndefu kuliko zile digrii za miaka 3, kwa hiyo nyumbani waelezeni mapema. Nimeona baba mwema kabisa akianza kununa mwaka wa nne, kwa sababu binti wa jirani waliyeanza pamoja ameshavaa joho.

Omba mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB, dirisha likifunguliwa tu. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo pia. Kumbuka mkopo si ada peke yake. Una vipengele vya chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na mahitaji maalumu ya kitivo. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokuokoa, kwa sababu usanifu unakula karatasi kubwa, uchapaji wa A1, kadibodi, gundi na visu kila wiki. Programu za kuchorea, mfano ArchiCAD na zile za Autodesk, wanafunzi hupewa bure kwa leseni ya masomo. Usinunue nakala ya dukani yenye virusi.

Na wazazi wenye wasiwasi? Mjomba mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Mwanamke gani umemsikia kajenga?" Siku hiyo nilinyamaza. Wewe uwe na majibu. Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, alipata Tuzo ya Pritzker mwaka 2004, mwanamke wa kwanza kuipata. Yasmeen Lari wa Pakistani alitunukiwa nishani ya dhahabu ya wasanifu wa Uingereza mwaka 2023, na sifa yake kubwa ni nyumba za waliokumbwa na mafuriko, za udongo, chokaa na mianzi, vitu ambavyo fundi wa Pangani anavielewa. Hapa nyumbani kuna Victoria Heilman na wenzake wa TAWAH, wasanifu wanawake wanaowajengea familia zisizojiweza. Mjomba akisikia la TAWAH hunyamaza zaidi, maana hilo la Pritzker anaweza kudai ni mambo ya Ulaya.

Hatua ya tano: studio na jopo

Studio ni darasa ambalo hakuna anayekwambia jibu. Unapewa kiwanja na hitaji, unachora, unabandika ukutani, kisha jopo la walimu linasimama mbele ya kazi yako na kuichambua watu wakisikia. Wengine hulia. Mimi nililia mara mbili, mara moja kwa haki yao.

Dawa niliyoipata ni hii: mpe rafiki daftari aandike yote yanayosemwa, kwa sababu wewe ukiwa pale mbele masikio hayafanyi kazi. Jioni msome pamoja. Utakuta nusu ni kuhusu mchoro, robo ni mwalimu kutaka kusikika, na iliyobaki ndiyo dhahabu. Na ukiambiwa maneno yanayohusu mwili wako, mavazi au jinsia yako badala ya mchoro, hayo yaandike kwa tarehe na uyafikishe kwenye dawati la jinsia la chuo. Usiyameze.

Kukesha kusiwe sifa. Nilikesha nikakata kidole badala ya kadibodi, na jengo lenyewe halikuwa zuri.

Hatua ya sita: saiti

Likizo ya kwanza tafuta saiti, hata ya ghorofa moja, hata bila malipo kwa wiki mbili. Tanga kila mtaa kuna mtu anapandisha ukuta. Nenda na viatu vigumu vyenye saizi yako, usivae vya kaka ukajaza tambara mbele. Suruali pana ya kitambaa kigumu, au kama huvai suruali peke yake, dera fupi la magotini juu yake. Ushungi ufunge kwa nyuma, bila pini pembeni, maana kofia ngumu inakandamiza pini kichwani. Uliza choo kiko wapi kabla hujanywa maji. Kama hakuna, mama lishe wa saiti huwa anajua nyumba ya jirani ya kuombea. Mfanye rafiki siku ya kwanza, anajua na mengine mengi.

Mafundi wasalimie wote, kuanzia fundi mkuu hadi saidia fundi. Mzee ni "mzee" na shikamoo yake, siyo jina lake tupu, hata kama wewe ndiye uliyeshika ramani. Heshima hiyo haikushushi. Bali ukishasalimia, kazi ipime.

Nilikuwa bado mwanafunzi, saiti moja pembezoni mwa mji, msingi unasetiwa. Nikauliza kama kona imekaguliwa. Fundi akacheka vizuri tu: "Dada, mwambie bosi aje." Sikubishana. Nikaomba kijana ashike futi. Kwenye kamba ya kwanza tukapima mita 3 kutoka konani, tukaweka alama ya chaki. Kamba ya pili mita 4, alama. Kisha mshazari kati ya alama mbili: kona ikiwa mraba ilitakiwa isome mita 5 kamili, ikasoma 5.06. Watu husema sentimita 6 si kitu. Nikaandika mchangani kwa kijiti: kwa kona hiyo, ukuta wa mita 9 mwisho wake utakuwa umetoka nje kwa zaidi ya sentimita 20, na upande ule ulikuwa unapakana na jirani. Fundi mkuu alichuchumaa, akapima mwenyewe mara mbili, akang'oa kigingi. Hakusema samahani, nami sikuingoja. Lakini kesho yake, kabla ya kumwaga jamvi, aliniita: "Injinia, njoo na futi lako."

Kwa hiyo jifunze mambo manne kabla ya kukanyaga saiti: tatu-nne-tano, timazi, pima maji, na mpira wa maji wa kuhamishia usawa kutoka kona hadi kona. Ukiyajua hayo kwa mikono, sauti huhitaji kuipandisha.

Hatua ya saba: bodi

Umehitimu. Hapa ndipo wengi wetu wanawake hupotelea, nami nalisema kwa uchungu kidogo. Cheti cha chuo hakikupi muhuri. Unajiandikisha bodi kama mhitimu, unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, unatunza kumbukumbu za kazi zako, kisha unakwenda kwenye usaili na mitihani ya bodi.

Kumbukumbu ziandike kila Ijumaa, usingoje mwaka uishe. Hakikisha bosi anazisaini, na kwamba umeonja hatua zote: michoro ya awali, kibali cha ujenzi halmashauri, michoro ya kazi, vikao vya saiti, hadi hati za malipo. Ofisi moja niliyopita ilinifanya mtu wa rangi na mapazia kwa miezi saba, wavulana niliosoma nao wakipelekwa saiti. Nilipouliza nikaambiwa "nyinyi mna jicho la urembo." Nikaandika barua fupi ya adabu, nikitaja kipengele cha mafunzo ambacho bado sijakipata, nikaomba tarehe. Wiki ya pili nilikuwa juu ya jukwaa. Kabla ya kukubali kazi, tafuta jina la bosi kwenye orodha ya bodi. Kama hayumo, saini yake haitakusaidia kitu.

Hatua ya nane: mimba haiondoi kazi

Kwa ufupi, maana watu watakuambia vingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi, una haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Toa taarifa kwa maandishi miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wakati wa mimba omba kazi za ofisini badala ya kupanda jukwaa. Na kumbukumbu za bodi endelea kuziandika, kwa sababu kuchora michoro ya kazi ukiwa umekaa nako kunahesabiwa.

Hatua ya mwisho: bei

Ukishakuwa na muhuri, shemeji atakuja na kiwanja chake cha Mikanjuni akitaka ramani "ya kindugu." Mpe chai. Kisha mpe karatasi ya makubaliano: kazi gani, michoro mingapi, marekebisho mara ngapi, malipo kwa awamu, ya kwanza kabla ya penseli kugusa karatasi. Punguzo mpe ukipenda, ila liandike kama punguzo, ajue bei yenyewe ni ipi. Wa pili na wa tatu watakuja kupitia kwake, na watakuja na bei aliyowatajia yeye.

Mimi kazi ya bure niliyoifanya ni moja tu, nayo ilikuwa na mchoro mmoja wa A4: mlango wa bafu la uwani kwa bibi, upana sentimita 90, kizingiti kimeondolewa.